Daraja la Kwanza

Ngara, orofa ya tatu, juu ya duka la vipuri,
Jumamosi saa tisa, mvua ikipiga mabati ya jirani.
Halkano ameweka mezani sanduku la marehemu kaka yake,
kona zake zimebandikwa plasta kama goti la mtoto,
na ndani yake, anasema, mna dunia.

Dunia yenyewe ni ramani iliyokunjwa mara nane
mpaka mikunjo imekuwa mito isiyo na jina.
Falme kumi na mbili, miungu arubaini na mmoja,
vita vya miaka elfu tatu kabla hatujazaliwa,
na theluji. Theluji tele upande wa kaskazini.
Nyaboke akauliza, "Theluji hukanyagwaje?"
Hakuna aliyejua. Tukawaachia wa kaskazini.

Mimi nilikuja na daftari.
Nilidhani kuna mtihani.
Nikaanza kunakili majina ya wafalme na nasaba zao,
nani alimwoa nani, nani alimtilia nani sumu,
hadi Halkano akalifunga lile buku kubwa
akalikalia.
"Wafalme hawakujui," akasema, "nawe huna haja nao.
Anza na daraja moja. Mtoza ushuru mmoja.
Deni moja. Dunia iliyobaki itakuja yenyewe
ikisikia kelele."

Basi kukawa na daraja.
Vizibo vya soda vikawa mazimwi,
kopo la mafuta ya kupikia likawa mnara.
Owaga akawa shujaa wa shoka, yeye
anayeogopa jogoo wa mama mwenye nyumba.
Nyaboke akawa mchawi wa uchawi mmoja tu kwa siku,
akautumia, kwa kiherehere, kuwasha mshumaa.
Stima ikapotea kweli dakika ileile.
Tukamtazama kwa adabu mpya.

Nami?
Mimi hukaa dirisha namba sita, masijala ya ardhi.
Miaka kumi na moja nasema neno moja:
faili halionekani.
Nalisema vizuri. Nalisema hata usingizini,
mume wangu ameshazoea.
Nikachagua kuwa mwizi.
Kwenye karatasi, penye ustadi, nikaandika kwa wino:
kufungua milango.

"Una jina?" mtoza ushuru akauliza
kwa sauti ya Halkano iliyotiwa kikohozi.
Sikuwa nalo. Mate yakanikauka.
Likanitoka la yule mama wa kila Jumanne,
mwenye bahasha ya kaki na risiti ya ploti ya Kayole:
Syombua.
"Haya, Syombua. Lango limefungwa, mto umefura,
nyuma yenu kuna mbwa. Unafanya nini?"

Watu huniuliza mengi.
Nirudi lini? Mkubwa yupo? Hamna njia nyingine?
Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza
kisha akanyamaza, akangoja.

Nikaishika dadu, nyekundu, pande ishirini,
ncha zake butu kwa vidole vya mtu nisiyemjua.
Nikairusha. Ikavuka falme tatu bila pasipoti,
ikaanguka, ikabingirika chini ya kochi.
Tukaitafuta kwa tochi ya simu, matumbo sakafuni,
tukapata biro mbili, soksi, na yenyewe:
Moja.

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Syombua alitumbukia mtoni na funguo zake zote.
Halkano akaandika kitu, hakunionyesha.
"Hujafa," akasema. "Umelowa tu.
Daraja la kwanza ndivyo lilivyo.
Jumamosi ijayo tutakutoa majini."

Leo ni Jumanne.
Bahasha ya kaki imekwisha fika dirishani,
imekunjika kama ramani.
Nafungua mdomo kwa lile neno langu
nalo linakaa kooni.
Ghala la chini lina mlango wa chuma,
na ufunguo, nijuavyo, hutundikwa nyuma ya kalenda.
"Mama Syombua," nasema, "hebu kaa kidogo,"
nami nainuka
nikiwa bado nimelowa.